Mstari wa Tatu

Mbale, Jumapili, 9 Februari 2025

Mjomba Afande,

Mulembe. Huku tuko wazima, ila vumbi linatumaliza. Mama anasema goti limepoa tangu umletee ile dawa ya kuchua, anakushukuru sana, ingawa anaapa kwamba chupa ilikuwa ya mafuta ya bunduki. Mwambie mama Griffin kwamba ule mukene, dagaa wa ziwani, aliotuma kutoka Masese ulifika vizuri. Majirani waliunusa kabla yetu. Na Griffin naye, nasikia anatangaza mtaa mzima kwamba mwaka kesho ndiyo imbalu yake, atatahiriwa, na hatapepesa hata jicho. Mwambie amalize mitihani kwanza. Kisu kitamngoja.

Kazi nimepata, mjomba. Ni mradi wa utafiti wa maporomoko ya ardhi. Juu ya kijiji cha Bunamulembe kuna ufa mlimani, unapita juu ya shule na nyumba kumi na moja. Tumepigilia vigingi vya chuma pande zote mbili za ufa, na kila Alhamisi tunapanda kupima umeachana kiasi gani. Ukianza kukimbia, tunawaambia watu wahame. Wazee pale wanatuita watu wa vigingi. Tuko wawili, mimi na kijana anaitwa Emma, mtoto wa mama Gorreti yule mshonaji wa pale Industrial. Mpole, mrefu, anaimba kwaya.

Sasa sikiliza kichekesho. Ofisi kubwa ya mradi iko ng'ambo. Walitutumia fomu ya usalama ya kurasa kumi na nne. Inauliza kama nina nguo za theluji. Haiulizi mvua ikinyesha mto tunauvukaje. Lakini hiyo si kitu. Mtu wao mmoja kaangalia majina yetu, akajaza mwenyewe: Oliver, mwanamume. Emma, mwanamke. Banange! Hapa kwetu nani asiyejua kwamba Oliver ni msichana? Darasani tulikuwa Oliver wanne, wote wa sketi. Na Emma ni Emmanuel aliyekatwa mkia, kila mtaa una watatu.

Basi vifaa vikaja. Mimi nimeletewa buti namba arobaini na nne, Emma thelathini na nane. Emma, kwa kuwa ni "mwanamke anayefanya kazi mahali pa hatari," amepewa redio ya mkononi na filimbi ya kuvaa shingoni. Mimi mwanamume sikupewa kitu. Tumebadilishana buti, tukacheka mpaka machozi. Nimewaandikia warekebishe.

Barua hii anakuletea Wangila, yule dereva wa Bungoma anayepitisha lori la saruji. Mpe chai.

Wako,
Oliver


Kimaka, Jinja, 23 Februari 2025

Kwa Oliver, mtoto wa dada yangu,

Salamu nimepokea, na Wangila amekunywa chai vikombe vitatu. Sisi tuko sawa. Mama Griffin anakohoa kidogo kwa sababu ya moshi wa samaki. Dawa ya mama yako haikuwa kwenye chupa ya mafuta ya bunduki. Ilikuwa kwenye chupa ya mafuta ya breki, na niliiosha.

Wewe umecheka mpaka machozi. Mimi sijacheka. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali pa kucheka, sikupaona. Mtu ameandika kwenye karatasi ya usalama kwamba wewe ni mwanamume, halafu unabadilishana buti unaendelea na safari? Miaka ishirini na moja nimekuwa askari, kumi na miwili kati ya hiyo nimekaa getini na kitabu. Kila anayetoka anaandikwa, kila anayerudi anaandikwa. Kitabu kikisema uko ndani, basi uko ndani, hata kama unaoza nje. Watu hutafuta kile kilichoandikwa. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya, mimi siyo profesa, lakini hiyo ninaijua.

Sasa sikia amri. Acha hiyo fomu ya kurasa kumi na nne. Kila mkipanda, andika karatasi moja yenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza: mnakwenda wapi na kwa njia gani. Wa pili: saa ya kurudi, na saa ya mtu kuanza kuwatafuta kama hamjaonekana. Wa tatu: majina yenu kamili, nani mwanamume nani mwanamke, na alama ya kuwatambua. Karatasi hiyo mwachie mtu wa pale pale kijijini, mtu mwenye miguu na mdomo. Siyo mtu wa ng'ambo.

Najua utasema mjomba piga simu tuzungumze. Sikio la kulia lilibaki vitani, na la kushoto linasikia linachotaka. Simu kwangu ni ya matangazo ya msiba, na anayeisoma ni Griffin. Walio hai waniandikie barua.

Mimi mjomba wako,
Sajini (mstaafu) Gaster Wasike


Mbale, 30 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Mulembe tena. Mvua imeanza, na mama amepanda maharage, anaimba peke yake shambani. Pole ya kikohozi kwa mama Griffin, anywe tangawizi.

Usikasirike kwamba nimechelewa kujibu. Nimechoka, mjomba. Nimechoka na watu wa karatasi. Nimewaandikia ng'ambo mara tatu kuhusu majina. Mara ya kwanza wakanijibu asante kwa maoni yako, bwana Oliver. Bwana! Mara ya pili wakasema taarifa za watumishi hubadilishwa mwisho wa robo mwaka. Mara ya tatu ikajibu mashine. Nilikwenda kwa Herbert, msimamizi wetu wa hapa Mbale, ambaye ananiona kila siku na nguo zangu, akasema hata yeye hana ruhusa ya kuigusa fomu, yeye huisoma tu. Halafu wakaleta kadi: likitokea la kutokea, msimpigie Herbert wala polisi, pigeni namba hii tu, ya ng'ambo. Kadi nzuri, haiingii maji.

Na wewe sasa unanipa karatasi nyingine. Mjomba, nakuheshimu, lakini nikijaza karatasi za kila mwenye wasiwasi, ufa nitaupima saa ngapi? Umeongezeka vidole viwili tangu Februari. Vidole viwili! Nikiwaambia hilo hakuna anayejibu haraka, ila nikisahau kuweka tarehe kwenye fomu wananitumia onyo siku hiyo hiyo.

Huku kwingine hakuna jipya. Emma anakusalimu, anasema anataka kumwona mtu anayeweka dawa kwenye chupa ya breki.

Oliver


Kimaka, 6 Aprili 2025

Oliver,

Leo salamu ni fupi. Tuko wazima.

"Huku kwingine hakuna jipya." Ndivyo ulivyoandika. Wangila anasema ulimpa barua kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Anasema Emma alimwambia uliteleza pale mtoni, maji yakakuburuta hatua ishirini, na kilichokusimamisha ni mzizi. Mzizi, Oliver! Sio fomu, sio kadi isiyoingia maji.

Kwa hiyo mimi unanificha. Sawa. Mama yako pia umemficha, umemwambia umeanguka kwenye ngazi za ofisi. Nimeuliza, ofisi yenu haina ngazi.

Sikufokei kwa sababu uliteleza. Kila mtu huteleza. Nakufokea kwa sababu uliteleza na hapakuwa na mtu hata mmoja chini aliyejua kwamba uko juu. Kama mzizi ungekatika, nani angeanza kukutafuta, na saa ngapi? Jibu swali hilo tu, mengine niachie.

Kuna jambo nililiona katika kambi moja huko kaskazini, jina silitaji. Sitalisimulia. Lakini tangu siku ile sijawahi kumwacha mtu atoke mlangoni mwangu bila kumwuliza anarudi lini, hata mama Griffin akienda sokoni. Ananiita mwendawazimu. Na aniite.

Karatasi, mistari mitatu. Kila Alhamisi. Nakala moja nitumie mimi, nitaiweka kwenye kitabu changu cha hapa nyumbani.

Mjomba


Mbale, 27 Aprili 2025

Mjomba,

Mulembe, na nisamehe. Mkono umepona. Mama nimemwambia ukweli. Alininyima chakula cha jioni kama mtoto, halafu akakileta chumbani.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaniambia niache kazi, na nilijua ningekutii. Niliogopa pia pale mtoni, sana, lakini ukisema naogopa huku, kesho wanatafuta mtu mwingine asiyeogopa.

Karatasi nimeanza kuandika. Tunaiacha kwa Orpah, mama mmoja ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabla ya ufa. Ana miguu, na mdomo usiniulize. Tunapanda saa tatu asubuhi, tunarudi saa nane. Nimemwambia ikifika saa tisa hajatuona, asingoje, aite watu. Amelichukua jambo hili kwa moyo. Ameibandika ukutani kwa ugali, na anaitazama saa ya redio yake tangu saa saba.

Mstari wa tatu siujazi, na tafadhali usinipigie kelele. Orpah anatujua. Mimi ananiita Nanyama, jina la ukoo, na Emma anamwita "kijana wangu." Kumwandikia Orpah kwamba mimi ni mwanamke ni kumfanya mjinga. Nimechoka kuwaeleza watu kwamba mimi ni mwanamke. Angalau hapo nipumzike.

Ufa umeongezeka vidole vitano. Nimeomba mradi utangaze watu wahame. Wanasubiri kikao.

Oliver wako


Kimaka, 17 Mei 2025

Oliver,

Sijui nianze wapi. Nianze na salamu. Mama Griffin ameshafika hapo kitandani kwako. Nimemtuma yeye kwa sababu mimi nikija nitapiga mtu.

Juzi Alhamisi, saa kumi alasiri, simu ililia. Griffin akaisoma kimya, akaniangalia. Nikamwambia soma. Akasema, baba, ni Kiingereza. Nikamwambia soma! Ilisema kwamba kumetokea maporomoko, Emma amepatikana salama, Oliver hajulikani aliko, na tutaendelea kukujulisha. Mwisho kulikuwa na neno la kushukuru kwa uvumilivu wangu.

Nilikaa chini pale pale uani, juu ya gunia la mkaa. Nilitoa karatasi zako kwenye kitabu nikaziangalia. Saa nane kurudi. Saa tisa kutafuta. Nikasema basi, wameanza kumtafuta, saa nzima sasa wanamtafuta. Hicho tu ndicho nilichoshika. Saa mbili na nusu, Oliver, nilikuwa nakulilia. Nililia na Griffin ananiona.

Halafu saa kumi na mbili na nusu simu tena. Kwamba kulikuwa na hitilafu ya taarifa. Kwamba Oliver yuko hai.

Hitilafu gani? Nani alikosea, na wapi? Mama Griffin amepiga simu, Griffin ananieleza nusu nusu, anasema una nyuzi saba kichwani na husemi kitu. Sitaki ya Griffin. Niandikie kwa mkono wako, hata mstari mmoja, nione mwandiko.

Mjomba


Mbale, 8 Juni 2025

Mjomba wangu,

Mulembe. Mama Griffin ameniuguza kama mtoto mchanga, asante kwa kunipa. Nyuzi zimetolewa. Kichwa kinauma jioni tu. Nimekawia kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nafika mahali pamoja, nakwama. Leo nitapita.

Ilikuwa saa saba kasoro. Tulikuwa tumemaliza kupima. Ufa vidole tisa, mjomba, tisa! Emma akaniambia tangulia, mimi nafunika kipima mvua. Mvua ilikuwa kubwa. Nilisikia kitu kikiguruma chini ya miguu, nikageuka kumwita, na sikumbuki tena.

Orpah alingoja mpaka saa tisa kamili. Hakungoja dakika. Alipiga debe, wanawake wakatoka, wakapanda, wakanikuta kando ya njia, damu usoni, sijitambui. Daktari anasema ningelala pale na mvua ile mpaka kesho yake nisingeamka. Kwa hiyo karatasi yako iliniokoa. Nakuandikia wazi ili uwe nayo.

Wakanipeleka kwa Orpah. Mwanawe akachukua kadi mfukoni mwangu, akapiga ile namba, akasema: tumempata mwanamke, mwanamume hayupo. Huko ng'ambo mtu akaangalia fomu. Mwanamke ni Emma. Basi Emma kapatikana. Anayekosekana ni Oliver, mwanamume. Akatuma ujumbe kwako. Akatuma ujumbe kwa mama Gorreti kwamba mwanawe Emma yuko salama, na mama yule akaacha cherehani, akaenda kanisani, akaimba. Akawapigia na polisi wa pale chini: tafuteni mwanamume anaitwa Oliver.

Wakaja polisi na vijana wa kijiji cha chini, watu wasiotujua. Wakapita makorongoni wakiita: "Oliver! Oliver!" Wanaita, halafu wananyamaza wasikilize. Saa mbili.

Hapa ndipo ninapokwama.

Emma alikuwa hai. Alikuwa chini kwenye korongo, mti umemlalia mguu wa kushoto, begi lenye redio limekwenda na udongo. Filimbi alikuwa nayo shingoni. Tangu saa saba alikuwa akipuliza na hakuna aliyemsikia kwa sababu ya mvua. Halafu akawasikia wale watu wanakuja. Akaiweka filimbi mdomoni. Na akasikia wanaita Oliver.

Unajua alifanya nini? Aliitoa mdomoni. Amenieleza mwenyewe hospitalini, polepole, kama anaomba radhi. Alifikiri: kumbe Oliver amefukiwa. Wanamwita, wanasikiliza kama atajibu. Mimi nikipuliza watakuja kwangu, watamwacha, na sauti yake hawataisikia. Mimi naweza kungoja. Akanyamaza, mjomba. Kila wakinyamaza, naye alinyamaza, ili wanisikie mimi. Na mimi nilikuwa kitandani kwa Orpah nimefunikwa blanketi.

Saa kumi na mbili ndipo nilipofumbua macho. Nikasikia mtu kwa mbali ananiita jina langu. Nikamwuliza Orpah, mbona wananiita nami niko hapa? Orpah akasema, si wewe, wanamwita kijana, wanasema anaitwa Oliver. Hajawahi kulisikia jina langu! Ananijua Nanyama. Mimi ndiye niliyekataa kulijaza. Niliruka nikatoka bila viatu, nikapiga kelele: "Oliver ni mimi! Oliver ni mimi! Yeye ni Emma! Mwiteni Emma!" Walidhani kichwa kimeharibika. Orpah ndiye aliyewapigia kelele wafanye ninavyosema.

Wakaita Emma mara moja. Mara moja tu, na filimbi ikajibu.

Mguu wamekata chini ya goti. Daktari hasemi kwamba zile saa mbili ndizo zilizoumaliza. Nilimwuliza, akaangalia dirishani.

Mstari wa tatu sikuujaza, mjomba. Uliniambia mara mbili.

Oliver


Kimaka, 22 Juni 2025

Oliver, mwanangu,

Mwandiko nimeuona. Asante.

Nyumbani wazima. Nilikuja Mbale Jumatano, hukuwa na habari, sikutaka ujisumbue. Nilikwenda kwa mama Gorreti kumpa pole. Tulikaa pamoja kwenye benchi lake. Mwishoni nikamwambia, mama, siku ile wewe ulishangilia mtoto wangu, na mimi nikamlilia mtoto wako. Akanishika mkono. Akasema, basi walikuwa na wazazi wawili kila mmoja. Mimi huyo mama sitamsahau.

Sasa nitakuambia la kaskazini. Nilikuwa getini. Koplo mmoja rafiki yangu alikuwa amepata mtoto, mkewe yuko kituo cha biashara, mwendo wa nusu saa. Hakuwa na ruhusa. Akaniambia, Wasike, usiniandike, narudi sasa hivi. Sikumwandika. Jioni wakahesabu kwa kitabu, kitabu kikasema wote wako ndani. Mimi nikafikiri amelala kwa mkewe. Mkewe akafikiri yuko kambini. Tulimkuta siku ya nne kwenye mtaro chini ya barabara, mguu umevunjika. Daktari alisema siku mbili za kwanza alikuwa hai. Nakuambia hivi ili ujue kwamba mstari ulioacha wewe, mimi niliacha kabla yako. Tofauti ni kwamba wewe uliamka ukapiga kelele. Mimi sikupiga.

Herbert alinionyesha ripoti yao. Inasema chanzo ni "watumishi wa eneo kutohakiki taarifa zao binafsi." Wanataka saini yako. Nilikuwa na fimbo, nikaiweka nje ya mlango kwanza. Usitie saini! Chapisha barua zote tatu ulizowaandikia, na lile jibu la bwana Oliver, zibandike juu ya ripoti yao. Mstari wako wa tatu ni wako, ubebe, hata mimi nabeba wangu. Lakini wa kwao wasikubebeshe.

Mjomba wako,
Gaster


Mbale, 5 Oktoba 2025

Mjomba Afande,

Mulembe. Mama amevuna, maharage ni mengi, gunia moja ni lako na Wangila analo. Mwambie Griffin nimesikia anajifunza kucheza kadodi, ngoma ya imbalu, mbele ya kioo.

Sikutia saini. Nilibandika barua zote tatu, na Herbert, amini usiamini, akaandika chini yake kwa mkono wake: haya ni kweli, nilijua, sikufanya kitu. Walikaa kimya miezi mitatu. Watu wa nyumba kumi na moja wamehamishwa, shule pia. Orpah amehamia ng'ambo ya bonde, amebeba mpaka ile karatasi ya ukutani.

Juzi likaja sanduku na barua fupi: taarifa za watumishi zimerekebishwa. Oliver, mwanamke. Emma, mwanamume. Na vifaa vipya vya kila mmoja kulingana na taarifa sahihi. Redio yangu. Filimbi yangu. Buti zangu namba thelathini na nane, zinanikaa vizuri kabisa. Na buti mpya za Emma, namba arobaini na nne. Zote mbili, mjomba. Ya kulia na ya kushoto, zimefungwa pamoja kwa uzi.

Nilitaka kulificha lile sanduku. Lakini nimeacha kuficha, kwa hiyo nilimpelekea. Alikata uzi kwa meno, akavaa ya kulia, akasimama kwa magongo yake akaipima. Ya kushoto alinirudishia. Halafu akasema, "Hii mpe mjomba wako awekee kalamu." Mama Gorreti akatoka nje. Mimi nilicheka, mjomba, nikacheka mpaka nikashindwa kusimama, na sikuwa nacheka. Ninazo hasira ambazo sijui pa kuziweka. Buti hiyo iko kwa Wangila, pamoja na maharage.

Ufa mpya umetokea upande wa pili wa mlima, juu ya kijiji kingine. Alhamisi napanda. Nilikuuliza kimoyomoyo kama niende, na nikajua ungesema nini, kwa hiyo nakala yako ni hii, iweke kwenye kitabu.

Mstari wa kwanza: kutoka shule ya kijiji hicho, njia ya juu, tusivuke mto.

Mstari wa pili: kurudi saa nane, kutafutwa saa tisa. Karatasi iko kwa Orpah, njia yetu inapita mlangoni kwake.

Mstari wa tatu: Emmanuel Wabwire, aitwaye Emma, mwanamume, mrefu, anabaki chini na redio, mguu mmoja. Herbert, mwanamume, mnene, kofia nyekundu. Mwaka huu amejifunza kupanda. Na mimi, kovu juu ya jicho la kushoto, buti zinazonitosha.

Ikifika saa tisa simu yako ikalia, usikae kwenye gunia la mkaa. Njoo uniite kwa jina langu.

Oliver Nanyama,
mwanamke